Kapu la Ng'onda

Mimi ni fundi cherehani, na fundi cherehani akikwambia njoo kesho, ujue hata kitambaa chako hajakigusa. Nalisema hili mapema ili mtu asije akanihurumia huko mbele.

Kibanda changu kiko Kilwa Masoko, ubavuni mwa soko, na kwa miaka mingi ndicho kilichokuwa ofisi ya mashabiki. Timu yetu haikuwa na ofisi. Ilikuwa na jezi, ambazo namba zake nilizishona mimi, na ilikuwa na tajiri. Huyo tajiri alikuwa na duka la vifaa vya ujenzi, misumari, mabati na rangi, na timu ilikuwa mali yake vilevile. Hatukumwita mmiliki wala mwenyekiti. Tulimwita tajiri, mbele yake na nyuma yake, siku ya kumsifu na siku ya kumlaani.

Siku za kumlaani zilikuwa nyingi. Alikuwa mgumu mtu yule, Mungu amrehemu. Kikosi alikipanga mwenyewe nyuma ya karatasi ya risiti, kisha akampa kocha kama anayemtuma dukani. Kocha mmoja alimfukuzia sokoni, mbele ya watu, kocha wa watu kashika fungu la nyanya mkononi. Beki wetu wa kushoto aliwahi kukosa mazoezi kwa sababu ya arobaini ya mama yake mzazi, na tajiri akamkalisha benchi mechi tatu. Uwanjani hakukaa na sisi. Aliweka kiti chake cha plastiki nyuma ya goli, akafungua mwavuli mweusi, na tukifunga bao hapigi makofi. Anatikisa kichwa mara moja, basi.

Kibandani kwangu watu waligawanyika juu yake. Bi mkubwa anayeuza chapati ng'ambo ya barabara, ambaye hakosi mechi, alikuwa upande wake. "Tajiri wetu ni korosho," alikuwa akisema. "Mpaka ikuunguze vidole ndipo ule." Bi mkubwa alijua jambo ambalo mwenyewe hakutaka lisemwe: kipa alipovunjika mkono, tajiri ndiye aliyemlisha yeye na mkewe mpaka mkono ukaunga. Kijana wa bodaboda anayeegesha pikipiki mlangoni kwangu hakutaka kusikia. "Bi mkubwa, huyo mzee anazingua," atasema. "Timu sio stoo yake ya misumari." Mimi nakanyaga cherehani, nikiona ubishi unapoa, natia kuni.

Na nilikuwa na haki ya kusema kuliko wote, kwa sababu mimi na tajiri tulikuwa watani. Si utani wa mpira. Watani wetu wa mpira ni Kivinje, mji wa jirani. Huu ni utani wa ukoo, umetoka kwa mababu, na nani alimfanya nani nini mpaka ukaanza, sijui. Najua sheria zake tu. Mtani akikutukana, hununi. Akikuita mwizi, unamjibu kwamba aliyekufundisha wizi ni yeye. Ukinuna umeshindwa, na ukoo mzima utakucheka. Mtani akifa, unakwenda msibani kwake, unavaa nguo zake, unaiga mwendo wake, unawachekesha wafiwa kabla jeneza halijatoka. Siku hiyo unasema lolote, na hakuna wa kukukemea.

Sasa, mwaka ule ilibaki mechi moja, na Kivinje. Sare ilitosha kutupandisha ligi ya mkoa. Tulikuwa na mshambuliaji, kijana wa Kimachinga, mguu wake wa kushoto lahaula! Mabeki wa watu walikuwa wanajificha nyuma ya mwamuzi. Siku hiyo tajiri hakumpanga. Hata benchi hakumweka. Kijana alikaa na nguo za nyumbani kando ya kile kiti cha plastiki, wamegawana mwavuli. Tulipiga kelele mpaka sauti zikakauka: "Mtie! Mtie huyo!" Tajiri hakugeuka hata shingo. Dakika za mwisho Kivinje wakapata kona, mpira ukamgonga beki wetu mwenyewe, ukaingia. Moja bila. Nyimbo walizotuimbia siku ile sitaki kuziandika.

Kesho yake asubuhi kibanda kilijaa kama kuna msiba, na tajiri akapita kwenda dukani kwake. Nilikuwa na hasira ya kweli, uzi unakataa kuingia kwenye tundu la sindano. Nikainuka, nikapaza sauti.

"Mtani! Hebu tuambie, Kivinje wamekupa nini? Kapu la ng'onda?"

Ng'onda ni samaki waliopasuliwa wakaanikwa juani, na Kivinje wanazo za kumwaga. Watu wakaangua kicheko. Tajiri akasimama. Macho yake hayakuwa ya mzaha hata kidogo, yalikuwa ya mtu ambaye hakupata usingizi. Lakini sheria ni sheria. Akanijibu:

"Kapu moja? Unanidharau, mtani. Wamenipa makapu mawili."

Ndivyo mtani anavyojibu. Asingejibu hivyo ningemcheka mpaka leo. Watu wazima waliokuwepo walielewa, wakacheka, yakaisha. Ila kijana wa bodaboda alikuwa ameshika simu anarekodi. Simlaumu sana. Amezaliwa na kukulia Dar, utani anaoujua yeye ni wa jezi. Alasiri haijaingia, kile kipande kimeshafika kwenye kundi la mashabiki la WhatsApp, na chini yake kaandika: "Mwenyewe kakiri." Na ukikisikiliza kwenye simu, kweli, utani huusikii. Unasikia shabiki anauliza na tajiri anajibu.

Wiki haikuisha. Walianza kumwita Ng'onda, kwanza kwa kunong'ona, halafu kwa sauti. Asubuhi moja alifika dukani akakuta ng'onda tatu zimefungwa kwa kamba kwenye kitasa cha mlango. Akazifungua, akazitupa kwa paka, akafungua duka. Wachezaji wakaanza kuondoka mmoja mmoja, wengine Nangurukuru, wengine Lindi. Msimu uliofuata hapakuwa na timu. Jezi zote alizitia kwenye kiroba, akaniletea mimi. "Kaa nazo," akasema, akaondoka.

Bi mkubwa alivuka barabara siku hiyohiyo, unga umemjaa mikononi. "Fundi, wewe unajua ule ulikuwa utani. Kaseme."

"Nitasema, bi mkubwa."

"Kaseme leo. Mzaha mzaha hutumbua usaha."

Nikamwambia kesho. Na niseme ukweli wangu, maana umri umekwenda na sina wa kumficha: nilikuwa naona raha. Watu walinishika mkono njiani wakanisifu kwamba mimi peke yangu ndiye niliyethubutu kumuuliza mkubwa swali. Mimi, wa kubandika viraka! Na moyoni nilijiambia kwamba hata kama hakuuza mechi, ya kocha alifanya, ya beki alifanya, basi na ale jeuri yake.

Halafu akaja yule mshambuliaji kuniaga. Alikuwa anahamia Mtwara kutafuta kazi. Alipokaa kwenye benchi langu niliona anaukunja mguu wa kushoto kwa kuusaidia na mikono. Akaniambia mwenyewe. Wiki ile ya mechi daktari alimwambia akicheza, goti limekwisha. Kulikuwa na timu ya Dar inamwangalia, akamwomba tajiri asimwambie mtu, kwa sababu Dar wakisikia neno goti hawatampokelea simu tena. Tajiri akamwahidi.

"Na walipomtundikia ng'onda?" nikamuuliza.

"Nilimpigia, nikamwambia mzee sema tu sasa. Akaniambia ameshaahidi, akakata simu." Akalisugua goti. "Dar wenyewe hawakunichukua, fundi. Sasa mimi nikisema wataona najitetea. Waambie wewe. Wewe ndiye uliyeanza."

Alipoondoka nilifungua lile kundi nikaandika maneno yote, marefu, kisha nikayafuta. Nikaandika tena mafupi, nikayafuta. Kusema kwamba ule ulikuwa utani ilikuwa ni kusema kwamba timu ya mji mzima nimeiua mimi kwa mdomo wangu. Nilikuwa mwoga. Hakuna jina lingine.

Miezi ikapita. Siku moja tajiri akaingia kibandani, peke yake, na suruali ya kitambaa mkononi. Nilishtuka. Sukari ilikuwa imemla. Yule mtu mpana, shati linapepea.

"Mtani," akasema, "nipunguzie hii. Kiuno na urefu."

Nikamzungushia futi kiunoni. Kwa kawaida pale ningemwambia kwamba Mungu anamrudisha utotoni apate kulelewa upya. Badala yake nikasema, "Mtani, ule utani wangu..."

"Nao upunguze," akasema. "Umekuwa mrefu."

Hakununa. Lakini alisema kwa sauti ya chini kabisa, akiangalia ukuta, na tangu nimjue hajawahi kuniomba kitu. Nikamwambia Ijumaa baada ya swala nitasimama pale msikitini, niwaambie watu wote yalivyokuwa.

"Ijumaa hii?"

"Ijumaa hiihii, inshallah."

"Na suruali?"

"Njoo kesho."

Akacheka. Alicheka mpaka akashika meza, akatoka.

Ijumaa hiyo niliswali safu ya mwisho na nikawa wa kwanza kutafuta viatu. Ijumaa iliyofuata hivyohivyo. Yeye hakuja kuchukua suruali. Binti yake alikuja kumchukua, akampeleka kwake Mitwero, kule Lindi, awe karibu na hospitali. Suruali nilikuwa nimeshaipunguza, vizuri kabisa, kazi ambayo sijaifanya kwa mteja yeyote. Ikaning'inia kwenye msumari mkabala na cherehani, nikawa naiona kila nikiinua macho.

Habari ya kifo ilikuja asubuhi, na mchana wakamleta Masoko, maana aliusia azikwe karibu na mama yake. Mashabiki walikuja, tena wengi. Mtu akifa hata adui huja. Nami nilijua zamu yangu imefika, na kwa mara ya kwanza nikaona mlango: siku ya msiba mtani anasema lolote. Ningesema.

Nikaivaa ile suruali. Ilinibana, kifungo hakikufunga. Nikachukua mwavuli mweusi na kiti cha plastiki, nikaingia uani kwa mwendo wake ule wa kutupa miguu pembeni. Nikaweka kiti, nikakaa, nikatikisa kichwa mara moja. Ua mzima ukapasuka kwa kicheko. Binti yake alikuwa analia na kucheka pamoja, ameziba uso kwa kanga. "Baba huyo! Baba kabisa!"

Nikafunga mwavuli, nikasimama.

"Nisikilizeni. Huyu hakuuza mechi. Hakupewa hata mkia wa ng'onda. Ulikuwa utani wangu, akanijibu kitani. Kijana alikuwa anaumwa goti, marehemu akamtunzia siri. Mimi niliambiwa, nikanyamaza."

Nikavuta pumzi, nikidhani wamenisikia. Kisha mtu nyuma akapaza sauti: "Makapu mawili huyo!" Nyumba ikalipuka.

"Wallahi nasema kweli!"

"Na fundi naye kala la pili!"

"Wallahi! Haki ya Mungu!"

Kadiri nilivyoapa ndivyo walivyoshika mbavu, kwa sababu mtani msibani huapa hivyohivyo. Mimi mwenyewe nimeshaapa misiba mingapi kwamba marehemu alikuwa bingwa wa kuogelea! Machozi yakanitoka, ya kweli, yakashuka mpaka kwenye ndevu, nikasikia mama mmoja akisema, "Jamani fundi anajua kulia huyu." Bi mkubwa wa chapati peke yake hakucheka. Alikuwa ameinamisha kichwa, anachezea ncha ya kanga yake. Hakuniangalia.

Jeneza likatoka. Nikavaa kanzu juu ya suruali yake nikafuata, nikapokezana na wenzangu kulibeba, nikashika jembe kufukia.

Baada ya dua shehe aligeuka, akatuuliza, "Mnamshuhudiaje ndugu yetu huyu?" Kwetu jibu la swali hilo halisubiri. Watu wote hujibu kwa pamoja, mwema, hata kama marehemu alikuwa mchawi. Siku hiyo walijibu wa ukoo wake, na sauti mbili tatu za wazee. Mashabiki, safu nzima, waliangalia udongo.

Shehe akauliza mara ya pili.

"Mwema!" nikasema, kwa sauti yangu yote. "Mwema huyu! Mwema!"

Kijana wa bodaboda alikuwa kando yangu, mikono imejaa udongo. Alifukia kwa bidii kuliko wengi. Akanivuta kanzu taratibu, akaniinamia sikioni kwa adabu.

"Basi, fundi," akanong'ona. "Hapa makaburini sio pa utani."