Neno "Mzuri" Katika Wodi ya Kansa

Niliporudi Nakuru kutoka Uingereza, katikati ya miaka ya hamsini, nilikuwa na diploma ya utafiti wa tiba na koti la sufu ambalo hakuna mtu wa rika langu kule Dundori aliyekuwa nalo. Sisemi hivi kwa aibu. Nililelewa huko, kwenye kambi ya vibarua wa shamba la Mzungu, nikakamua ng'ombe wasio wetu ili nipate karo, na hakuna aliyenishika mkono. Diploma niliitundika mahali ambapo mgeni yeyote angeiona kabla hajaketi.

Kazi yangu ilikuwa kuchunguza jinsi wagonjwa wa kansa wanavyotulizwa maumivu katika hospitali za Bonde la Ufa. Katika wodi ya Waafrika ya hospitali moja nilikuta hawatulizwi. Mofini, dawa kali ya maumivu, ilikuwapo, imefungiwa kabatini, lakini ilikwenda wodi ya Wazungu. Watu wetu walipewa aspirini. Daktari mkuu, Mzungu aliyekaa nchini miaka mingi, alinieleza sababu bila kuona haya: Mwafrika haumwi sana.

"Njoo usikie mwenyewe," akaniambia.

Tukasimama mbele ya mama mmoja, mchumaji wa maua ya pareto kutoka Dundori. Kansa yake ilianzia kwenye titi, ikaingia uti wa mgongo.

"Mama, habari?" daktari akauliza.

"Mzuri, Bwana."

"Maumivu iko?"

"Kidogo tu, Bwana."

Daktari akanigeukia. "Umesikia, msomi? Hata diploma yako haiwezi kumpa maumivu asiyokuwa nayo."

Nilicheka, naye akakasirika. Nikamwambia alichofanya si uchunguzi, ni salamu. Kwetu, habari hujibiwa mzuri hata na mtu ambaye nyumba yake inaungua. Huwezi kumwaga shida zako mbele ya mkubwa aliyesimama. Ni kukosa adabu. Shida hutoka baada ya mwulizaji kuketi, akauliza mvua, akauliza mifugo. Hapo ndipo mtu husema "lakini". Ukiondoka kabla ya "lakini", hujauliza kitu.

"Miaka yote hii umekuwa ukiondoka mapema," nikamwambia.

"Na wewe umerudi juzi."

"Nimerudi juzi, ila nilizaliwa hapa. Keti."

Miaka ile ya Hali ya Hatari iliyotangazwa na serikali ya kikoloni, Mwafrika hakumwamuru Mzungu kuketi. Watu walitiwa kizuizini kwa makosa madogo kuliko hilo. Sista, muuguzi wa wodi, aliyekuwa akikunja mashuka akaacha kukunja. Nikavuta kiti, nikakiweka karibu na kitanda. Daktari akaketi, nadhani kwa hamu ya kuona nikiaibika.

"Mama, Dundori kumenyesha?" nikauliza.

"Kumenyesha. Viazi vimeota."

"Na ng'ombe?"

"Amezaa dume." Akanitazama. "Kwani wewe ni wa nani?"

Nikamtajia baba yangu.

"Yule mwenye kelele?"

"Huyo huyo, mama."

"Basi ndiyo maana."

Sista alicheka. Mama naye alijaribu kucheka, akakatika katikati, akafumba macho mpaka maumivu yakapita.

"Tuko mzuri," akasema. "Lakini huu mgongo, mwanangu. Ni kama mtu anapasua kuni ndani yake. Sijalala tangu niletwe hapa. Nikilia, hawa wengine pia hawatalala, kwa hiyo nauma shuka."

Akainua pembe ya shuka. Ilikuwa imetoboka kwa meno.

Sikutafsiri. Daktari alikuwa akijisifu kwamba Kiswahili anakijua, basi na akijue.

"Kwa nini hukuniambia, mama?" akamwuliza.

"Ulikuwa umesimama, Bwana. Nikadhani una haraka."

Daktari akamwomba sista ufunguo wa kabati. Sista akauliza kama wodi ile ya Wazungu itabakiwa na mofini ya kutosha. Kabla daktari hajajibu, nikamwambia kwamba sitoki pale mpaka mama anywe dawa hiyo, na atakayetaka kunitoa aite askari. Hakuna aliyeita.

Mama hakupona, na mimi sikumwahidi kupona. Alipokwisha kunywa dawa alilala mchana wote, mdomo wazi, kama mtu aliyetoka shamba. Alipoamka aliomba uji, akanywa nusu kikombe, kisha akageuza kichwa kwa mwanamke wa kitanda cha pili, aliyekuwa akitazama dari tangu asubuhi.

"Na wewe mwambie daktari," akasema. "Acha hiyo mzuri yako."