Meno ya Wawira na Midomo Yetu Myeusi

Aibu hii siisimulii kwa kila mtu, ila kwa kuwa mshaniona nikicheka peke yangu kila nikishika mkaa, basi sikieni, mkimaliza mnicheke na nyinyi.

Ilikuwa wakati wa Emajensi, ile hali ya hatari Mwingereza aliyoitangaza kupigana na Mau Mau, hapa Embu, tumefungiwa ndani ya kijiji chenye handaki pande zote, na maji ya mtoni tukichota saa tuliyoruhusiwa tu. Nilikuwa nikimlea Wawira, binti wa marehemu dada yangu, mtoto mwenye hali ya Down kama mnavyosema siku hizi, ingawa sisi tulisema tu ni mtoto wa polepole. Meno yake yalinishangaza: yalichelewa kuota, yakaja madogo madogo, mengine hayakuja kabisa, na ufizi haukuisha kutoka damu. Mwezi huo jino moja likamvimbia hata akakataa uji. Zahanati ilikuwa nje ya handaki, na pasi ya kutoka aliitoa mzee wa kijiji, mtu asiyecheka.

Mimi nilitaka kujua: mbona nikimsugua meno hukaza mdomo, lakini nikisugua yangu ananikodolea macho? Asubuhi moja nikajaribu. Nikasaga mkaa na chumvi, nikatafuna kijiti cha mswaki, nikamgusa goti nikamwambia, "Fungua." Nikajisugua mimi kwanza, kisha nikampa kijiti anisugue yeye, na ajabu, zamu yake ilipofika akaachama mwenyewe. Tukanogewa mpaka mkaa ukafika kidevuni, na nilipoinua kibuyu tusukutue, kumbe kikavu, na filimbi ya kuhesabiwa hiyo inalia.

Tukapanga mstari, mimi nimefumba mdomo. Homgadi, mlinzi wa kijiji upande wa serikali, akaniuliza jina nikajibu kwa pua (hapo ndipo nilipojimaliza), akamwita mzee, mzee akaona weusi midomoni mwetu akauliza usiku tumelishwa kiapo gani cha Mau Mau. Majirani wakasogea kando. Niliogopa kweli, maana niliona pasi ya Wawira inaenda zake, nami naenda kizuizini.

"Fungua," mzee akaniamrisha.

Nikafungua. Wawira aliposikia neno lile akajua kazi imeanza. Akachomoa kijiti kiunoni, akanisugua mbele ya kijiji kizima, mate meusi yakinitiririka kifuani. Aliporidhika akamgeukia mzee, akamgusa goti.

"Fungua," akasema.

Mzee akamtazama, akakitazama kijiti, na sijui ni nini kilimwingia, akainama akafungua. Wawira akamsugua taratibu, jino baada ya jino, hata yale ya nyuma yaliyooza. Mtu mmoja akacheka, kijiji kikafuata, na mwisho mzee naye akacheka, meno meusi tii.

"Mpeleke kwa daktari," akaniambia. "Na ukifika, ulizia na yangu."

Jino lilitolewa mchana ule, na jioni Wawira akanywa uji akaomba mwingine. Mimi tangu hapo sigusi mkaa kabla sijatikisa kibuyu. Na yeye hakukaza mdomo tena, mradi wewe umfungulie wako kwanza.