Meza Isiyo na Dadu

Assumani kinyozi alikuwa na mdomo uliotangulia mkasi. Mtu aliyekaa kwenye kiti chake pale mtaani Kabondo alizipata habari za mji mzima kabla ya kufikiwa sikio la kwanza, na akiwa na upara, Assumani alimnyoa polepole zaidi ili habari zisikatike njiani. Alikuwa amesema kwenye matanga, kwenye maulidi, kwenye ugomvi wa majirani alioitwa na ule asioitwa. Neno moja tu hakuwa amelisema, na alilingojea tangu binti yake Nyota alipoota meno: neno la baba siku wakwe wanapoleta mahari.

Katika ukoo wao, Waislamu wa Kisangani tangu enzi za misafara, siku hiyo kila upande huwa na msemaji mmoja. Wengine wote hunyamaza, hata wenye digrii. Msemaji wa upande wa binti husimama, huwasifu wageni, huwachokoza kidogo, huwakumbusha kwamba mtoto si gunia la mchele, halafu hutoa neno la kukubali, na neno hilo likishatoka halirudi. Assumani alikuwa amelipanga lake kwa miaka. Wateja walilijua kwa ghibu. Mmoja wao, Papa Zacharie, mwalimu mstaafu, alifikia hatua ya kumsahihisha.

Lakini kinyozi huyu alikuwa na kiapo shingoni.

Nyota alipozaliwa, Assumani alikuwa mchezaji wa dadu, tena mchezaji mbovu. Ramla, mkewe, alikuwa amejiwekea kitenge kipya cha maua ya buluu atokee nacho siku ya arobaini, mzazi anapotoka nje na mtoto na mtaa mzima unamtazama. Assumani alikichukua, akakiweka dau, na kabla ya adhuhuri kitenge kilikuwa chini ya kwapa la mtu mwingine. Ramla alitoka arobaini na kitenge cha kuazima. Hakupiga kelele. Alimpakatisha mumewe mtoto na kumwambia aape, na Assumani akaapa huku machozi yakimtoka, ya kweli kabisa: hatashika dadu tena mpaka kufa. Dini ilikuwa imekwisha kukataza kamari yote, iwe ya dadu, ya karata au ya kokwa za maembe. Ila ulimi wa Assumani siku ile ulitaja dadu, na dadu hakuzigusa tena. Hata watoto walipocheza ludo barazani, alizunguka nyuma ya nyumba.

Miaka ikaenda, kitenge kikasahaulika, au Assumani alidhani kimesahaulika. Halafu ikafunguliwa kasino mjini, upande wa Makiso.

Mwenye kasino alikuwa ameagiza meza kutoka Kinshasa, meza kubwa ya kijani yenye mistari myeupe, ya mchezo wa kurusha dadu mbili. Meza ilifika. Dadu zilikuwa katika sanduku jingine, na sanduku hilo lilipakiwa katika boti jingine, na boti hilo likakwama kwenye mchanga wa mto, huko chini ya mji wa Bumba, likisubiri maji yajae. Anayeujua mto wetu hatauliza lini. Mwenye kasino alisubiri akachoka, akaamua meza isilale njaa: akachukua karata. Moja mpaka sita nyekundu zikawa dadu ya kwanza. Moja mpaka sita nyeusi zikawa dadu ya pili. Mchezaji anafunua moja kila upande, zinajumlishwa. Ikitoka saba au kumi na moja mara ya kwanza, ameshinda. Ikitoka mbili, tatu au kumi na mbili, ameliwa. Ikitoka namba nyingine, hiyo ndiyo anayoitafuta tena, na sasa saba iliyokuwa rafiki inageuka adui. Kila baada ya kufunua, karata zinachanganywa upya, na mji ukazoea.

Siku moja umeme ulikatika, jambo lisilohitaji kutangazwa, na mashine ya kunyolea ikafia katikati ya kichwa cha mteja. Assumani alikimalizia kwa mkasi, akafunga salon, akapanda toleka, baiskeli ya abiria, kwenda mjini kutafuta mahali penye feni. Penye jenereta palikuwa kasino. Aliingia kwa ajili ya feni, na hilo ninaliamini. Sauti za mezani zilipompata alirudi nyuma hatua kadhaa mpaka akagonga mlango.

"Ingia, papa," akamwambia Jeancy, binti wa shati jeupe aliyechezesha meza ile. "Unaogopa nini?"

"Mie sishike dadu, mutoto wangu. Niko na kiapo."

"Dadu? Dadu ziko njiani, papa. Hapa tuko na karata tu."

Assumani alisogea. Alitazama meza, chini ya meza, mikono ya Jeancy. Kweli, dadu hakuna. Furaha iliyompanda ilimtia haya, akajifanya anafuta jasho. Mazoea yana taabu, na haya yalikuwa yamelala tu, hayakufa. Alinunua vidude vichache vya kuchezea, thamani ya kunyoa ndevu mbili hivi, na zamu yake ilipofika alizipulizia karata, akazisemesha, akazisimulia habari za Kabondo. Zikatoka nne na tatu. Saba. Watu walimpigia makofi, naye akarudi nyumbani akiona toleka haikanyagi chini.

Sasa, mtu mwingine angeficha. Kinyozi hawezi. Isitoshe, Assumani aliona hana la kuficha.

"Mama Nyota, leo nilicheza," alisema jikoni. "Lakini usikasirike. Haiko dadu. Iko karata."

Ramla alikuwa anakoroga pondu, mboga ya majani ya muhogo. "Karata ya namna gani?"

"Sita nyekundu, sita nyeusi. Unafunula mbili, unajumlisha."

"Kama dadu."

"Kama dadu, lakini hapana dadu! Mie niliapa juu ya dadu, Mungu alisikia. Karata sikuitaja hata kidogo."

Ramla aliendelea kukoroga. Assumani aliuchukua ukimya ule kuwa ushindi, na siku zilizofuata kila umeme ulipokatika alijua pa kwenda. Ulikatika sana.

Wakwe walipotuma habari kwamba watakuja Jumamosi, Ramla alikaa mkekani mbele ya mumewe, akakunja mikono.

"Siku ile atasema Mohamadi."

"Mohamadi gani?"

"Mudogo yako. Iko mwingine?"

Mohamadi alikuwa mtu mwema, muuza mafuta ya mawese, asiye na adui. Ila kila sentensi aliianza kwa donc, 'basi' ya Kifaransa, na kuimaliza kwa kikohozi, na katikati mara nyingi hamkuwa na kitu. Assumani alicheka kwanza. Kisha akaona mkewe hacheki.

"Mama Nyota, mie njo baba!"

"Uko baba. Lakini wakwe wanakuja kupokea neno, na neno yako iko na mulango ya nyuma. Jumamosi utasema mutoto aolewe, halafu kesho yake utasema, bon, nilisema aolewe, sikusema na huyu. Nani atakuamini? Mie sikuamini."

Hilo la mwisho alilisema taratibu, na liliingia ndani kabisa. Assumani alipanda kitandani mapema. Usiku hakulala vizuri. Hotuba yake yote ilimpita kichwani, na mwisho wa kila sentensi alisikia kikohozi cha Mohamadi.

Asubuhi akaja na dawa. "Twende uone kwa macho yako. Ukiona dadu hata moja, Mohamadi aseme."

Alitegemea mkewe atakataa. Ramla alijifunga kitenge, akatafuta toleka yake mwenyewe, akafika kasino kabla yake. Alipewa kiti. Wanaume waliokuwa wakibwata mezani wakakumbuka adabu, mmoja akavua kofia. Ramla alitazama karata zikifunuliwa na kuchanganywa, bila kuuliza, mpaka Assumani akaanza kujisikia kama mteja aliyeletewa kioo kabla kichwa hakijaisha.

"Binti," Ramla alimwambia Jeancy mwishowe, "hizi dadu zenu zikifika, nini itabadilika?"

"Hapana kitu, mama. Meza ni ile ile, hesabu ni ile ile." Jeancy alifikiri kidogo. "Sauti tu. Dadu ziko na kelele."

"Aksanti. Uko na karata za zamani, zile hamutumie tena?"

Jeancy alimpa kadhaa zilizochakaa pembe. Assumani alizitazama zikiingia mkobani mwa mkewe na moyo wake ukaruka. Amenogewa, akajiambia. Amenogewa na yeye! Njia nzima alimweleza namna ya kupulizia karata, kutoka toleka moja kwenda nyingine, mpaka waendesha baiskeli wakaomba apumzike.

Jumamosi ikafika. Turubai lilifungwa uani, mbuzi akawa tayari sufuriani, mikate ya kukaanga ikajaa sinia. Papa Zacharie alikuja mapema kusikia hotuba aliyoisahihisha, akashangaa kumkuta Mohamadi na kanzu mpya, akikohoa kwa hofu kando ya mlango. Wageni walisikika barabarani wakishuka na nyimbo zao. Hapo Ramla alimwita mumewe chumba cha ndani.

Palikuwa na sinia juu ya mkeka. Juu ya sinia, mafungu mawili ya karata yamelala kifudifudi.

"Huku nyekundu, huku nyeusi," Ramla alisema. "Hapana dadu, kiapo yako iko salama. Funula mbili. Ikitoka saba, utasema weye. Isipotoka, atasema Mohamadi."

Assumani alizijua karata kama alivyojua vichwa vya Kabondo. Saba ndiyo hutoka mara nyingi kuliko namba yoyote. Alipiga goti, akavipulizia vidole, akanyoosha mkono.

Nyuma ya pazia, Nyota alicheka. Mashangazi walikuwa wanamfunga kilemba, na mmoja alikuwa amesema jambo la kumtania. Kilikuwa kicheko kifupi tu. Mkono wa Assumani ukasimama juu ya sinia, na aliutazama ule mkono akauona ni ule ule wa zamani, uliobeba kitenge cha maua ya buluu. Wakati ule aliweka dau nguo ya mama. Leo alikuwa anaweka siku ya mtoto. Aliona aibu mpaka masikio yakamwasha.

"Sifunule," alisema.

"Juu ya nini? Si karata?"

"Hapana. Iko dadu." Aliurudisha mkono. "Tangu siku ya kwanza ilikuwa dadu, Mama Nyota, na mie nilijua. Mutoto wangu simucheze. Mohamadi aseme tu."

Akainuka, akatoka nje, akapita mbele ya wageni bila kusalimia vizuri, akakaa nyuma kabisa pamoja na wale ambao kazi yao siku hiyo ni kunyamaza. Ilimuuma, lakini hakujuta.

Wageni walipokwisha kusema yao, Ramla alipita uani na birika la chai, akainama, akamnong'oneza Mohamadi. Mohamadi akasimama.

"Donc," alisema. Akakohoa. "Donc, mwenye neno iko kaka yangu." Akaketi akiwa na furaha ya mtu aliyetuliwa pipa la mawese begani.

Watu wakageuka nyuma. Assumani alisimama, akafungua mdomo, na hotuba ya miaka yote ikawa imekwenda. Gunia la mchele, sifa, mizaha, vyote havipo. Papa Zacharie alikuwa akimchezeshea midomo kutoka mstari wa mbele, maskini, akimkumbusha sentensi ya kwanza. Assumani hakumwona. Alimtazama Nyota.

"Nyota ni mutoto wangu," alisema. "Neno yangu ni moja: ndiyo. Haina mulango ya nyuma."

Akaketi. Ndiyo hotuba fupi kuliko zote alizowahi kutoa, na akina mama waliipigia vigelegele mpaka mbwa wa jirani wakajibu. Papa Zacharie alilalamika wiki nzima kwamba aya ya pili ilirukwa.

Alasiri, wageni wameondoka, sufuria zinasuguliwa uani, Assumani alimkuta mkewe chumba cha ndani amenyoosha miguu. Sinia bado lilikuwa pale, halijaguswa.

"Sasa nafunula," alisema. "Si mchezo. Nataka kujua tu."

"Funula."

Alifunua nyekundu zote. Moja, tatu, tano. Tena moja, tatu, tano. Akafunua nyeusi. Moja, tatu, tano. Tena moja, tatu, tano. Alizipanga hivi, akazipanga vile, akatafuta saba kila upande kama mtu anayetafuta sindano kwenye nywele alizonyoa. Haikuwepo. Katika sinia lile lote hapakuwa na saba hata moja.

"Na kama ningefunula?"

"Mohamadi angesema."

Assumani aliirudisha karata ya mwisho siniani. "Donc ulijua sitafunula."

Ramla alizikusanya karata moja moja, akazifunga katika kipande cha kitambaa.

"Sikujua, Papa Nyota," alisema. "Leo na mie nilicheza."