Jina la Kuitwa

Demetria alisonya mpaka mafundi wakaacha kugonga patasi. Yeye ndiye aliyekuwa akiandikiana na wateja wa nje katika karakana ile ya vinyago Manzese, na mteja mmoja ambaye Demetria alimwita "Bwana Andrea" alikuwa amemjibu kwamba yeye si bwana wala bibi, jina tu linatosha.

"Mtu mzima nimwite jina hivihivi, kama mtoto ninayemtuma dukani? Mie sikulelewa hivyo!"

Hasira ilipopoa akalikumbuka neno Ndugu, linalomfaa kila mtu, awe mwanamke au mwanamume. Akaandika, "Ndugu Andrea, habari za nyumbani?" ndipo akaingia kwenye habari za vinyago.

Jibu halikuchelewa. "Ndugu nimelipenda. Na wewe unapenda uitwe nani?"

Demetria akalisoma swali mara mbili. Hakuna aliyewahi kumuuliza. Tangu ajifungue mtoto wake wa pekee, mtaa mzima ulimwita Mama Gibson, na hata baada ya kumzika Gibson hawakuacha. Kila asubuhi muuza maandazi humwita kwa sauti, "Mama Gibson, umeamkaje?" naye huitikia huku moyo ukimchoma kama kidonda kilichotiwa chumvi. Mara ngapi alitamani kuwaambia waache!

Akaandika "Demetria." Akalitazama. Lilikuwa jina lake, halina kosa. Lakini likishika hilo mpaka mtaani, nani tena Manzese nzima angemtaja mwanawe?

Akalifuta.

"Niite Mama Gibson," akaandika. "Na kila ukiniandikia, liandike lote."