Fundo la Leso

Mashine ya kukata matawi ina visu viwili, na hubadilishi kimoja ukaacha kingine. Mwanzoni sikujua. Niliweka kisu kipya upande mmoja, nikaacha cha zamani upande wa pili, maana sipendi kutupa kitu ambacho bado kina kazi. Gurudumu liliposhika kasi, mashine nzima ikatetemeka mpaka ikang'oa bolti kwenye simiti, na kuku wote wakakimbilia kwenye mahindi. Mke wangu alicheka mpaka akakaa chini. Tangu siku hiyo visu vyetu vilinolewa pamoja na kutupwa pamoja.

Tunaishi upande wa Endebess, na hiyo ndiyo ilikuwa kazi yetu mimi na yeye. Watu wakipogoa migrevilia yao, wanatuletea matawi. Mashine inayatafuna, na wenye ng'ombe wanachukua vipande vya kutandika zizini ili mifugo isilale kwenye matope.

Kubadilisha visu kulikuwa na utaratibu wake, na utaratibu huo ulikuwa wa mke wangu. Mashine inaendeshwa na stima, na swichi yake iko ndani ya kisanduku cha chuma ukutani. Kabla sijashika spana, yeye alizima, akafunga kisanduku kwa kufuli, kisha akaufunga ufunguo kwenye pindo la leso aliyojifunga kiunoni. Alikaza fundo lile lile ambalo akina mama huwekea sadaka. Kisha alikuja kulishika gurudumu lisizunguke nikilegeza bolti.

"Sasa mtu akitaka kukukata vidole, apitie kwangu kwanza," alikuwa akisema.

Ufunguo wa pili niliupoteza zamani shambani. Hakutaka tuchongeshe mwingine. Alisema kazi hiyo inataka ufunguo mmoja na mtu mmoja wa kuushika.

Mara ya mwisho, vipande vilikuwa vimeanza kutoka na nyuzinyuzi, na mashine ilinuka kama mti unaoungua. Makali yalikuwa yamekwisha. Alifunga kisanduku, akapiga fundo, tukavitoa visu. Nikavipeleka Bungoma mjini, kwa fundi anayenoa huku maji yakidondokea chuma. Fundi mmoja wa Kitale alikuwa ametuharibia visu kwa kunoa vikavu, chuma kikapata moto hadi kikawa na rangi ya buluu, na kisu cha hivyo hakikai na makali tena.

Nilikuwa bado kwa fundi, jirani yetu aliponipigia simu kwamba mke wangu ameanguka jikoni. Nilipofika hospitali hakuwa anaongea tena. Tulimzika nyuma ya nyumba, karibu na ua.

Siku ya kugawa nguo zake, dada zake walikuja kutoka Bokoli. Nilikaa nje. Nilisikia tu majina yakiitwa na wanawake wakilia kwa zamu. Leso ile alipewa mdogo wake.

Visu vilikaa Bungoma kwa miezi. Jirani ndiye aliyenisukuma, maana ng'ombe wake walikuwa wamerudi kulala matopeni. Nilipokwenda, fundi alinionyesha ufa kwenye kimoja, basi nikanunua jozi mpya.

Kuvifunga peke yangu kulinitoa jasho. Nililizuia gurudumu kwa kipande cha mti, kikateleza, nikachubuka vidole. Nafasi kati ya kisu kinachozunguka na kile cha chini huwa tunaipima kwa karatasi ngumu ya pakiti ya majani chai. Nikapima, nikasema, "Hebu angalia hapa." Nilisema kwa sauti kabisa. Nyumba ilikuwa kimya. Nikaacha kazi nikakaa.

Nilipomaliza nikaenda kuwasha, nikakuta kufuli. Ndipo nikakumbuka ufunguo uko wapi.

"Vunja bana," jirani alisema. "Si ni kufuli tu? Mimi niko na nyundo."

"Ati nivunje? Kwa sababu mwenyewe hayuko?"

"Wee mzee, mimi nakusaidia na unanikasirikia?"

Kweli nilikasirika. Nilimwambia arudi kwake, na kesho yake nikaenda Bokoli.

Shemeji, yule aliyepewa leso, alinikaribisha, akanipa chai, tukaongea juu ya mvua. Nilimuuliza juu ya leso nikiangalia kikombe. Akaingia ndani, akarudi nayo. Pindo lilikuwa na fundo bado.

"Nimefua nayo hivyo hivyo," alisema. "Nirisema pengine ni sadaka yake. Sikuangaria."

"Ni ufunguo wa mashine, shemeji. Nifungulie."

Aliligusa kidogo kwa kidole, akatikisa kichwa. "Hapana. Hii alifunga yeye. Mimi siwezi." Akatafuta wembe. "Leso ni yangu, nirikabidhiwa mbele ya watu. Lakini hii ni yako." Akakata pembe ya leso, akanipa fundo zima mkononi.

Nyumbani niliketi mbele ya kisanduku na fundo mapajani. Lilikuwa limekaza kwa kufuliwa, lakini ncha yake niliiona, imeingizwa kwa upande wa kushoto kama alivyozoea. Ningeivuta kwa meno lingelegea. Nikaanza kuhesabu vitu vyake. Kitanda chake wageni walikitandika upya wakati wa matanga. Sufuria zilioshwa na kupangwa na wanawake wa kanisa. Nguo zilienda. Hata kaburi nililipalilia mwenyewe. Ukiacha kufuli, ambayo ingefunguka kwa vyovyote, hakukuwa na kitu kingine pale nyumbani kilichokuwa bado vile mikono yake ilivyokiacha.

Nililiweka fundo kwenye mfuko wa shati, nikatembea mpaka kwa jirani. Alikuwa akikamua.

"Niazime ile nyundo," nikamwambia. "Na tindo."

Akanitazama, akacheka. "Si nilikuambia? Umeenda mpaka Bokoli kuhangaika bure."

"Uliniambia," nikasema.

Kufuli ilivunjika kwa pigo la pili. Nikawasha, na visu vipya vikazunguka bila kutetemeka.