Ala ya bastola iliyogoma kuachia: yaliyonikuta Kalemie enzi za Zaire

Wakuu, hodi humu ndani. Mimi ni mama mtu mzima, nasoma sana nyuzi zenu na kuandika ni mara chache. Leo naweka kitu ambacho hata wanangu hawajakisikia. Wale wa kusema "hii chai" mnaruhusiwa, ila mnywe taratibu.

Nimezaliwa Kalemie, Kongo, ng'ambo ya Kigoma. Wakati huo nchi inaitwa Zaire. Mume wangu, Papa Sifa, alikuwa fundi wa ngozi. Alitengeneza mikanda na viatu, lakini jina lake lilijulikana kwa ala za bastola za maofisa wa kambini. Mimi nilikuwa nashona na kumalizia.

Kwa wasiojua, ala nzuri haishonwi tu. Ngozi unailoweka, unaivisha kwenye mti uliochongwa mfano wa bastola, unaikandamiza kwa mfupa mpaka ishike umbo, kisha inakauka kivulini. Ikiwa mbichi, hata kucha ikigusa alama inabaki.

Na ikilowa tena usiikaushe kwa moto! Inasinyaa inakuwa ngumu kama ubao. Wala usiache bastola ilale humo, itakula kutu. Haya, tuendelee.

Kulikuwa na Luteni mmoja mteja wetu. Mtu mpole, akipita anaulizia watoto kwanza. Papa Sifa alimtengenezea ala mpya, na wiki ileile Luteni akaenda Zongwe, kijiji cha ziwani, kwa mtumbwi wa injini kufuatilia wezi wa nyavu. Walikuwa watatu: yeye, naibu wake na mwendesha injini. Mvua iliwanyeshea njia nzima.

Luteni akarudishwa maiti.

Habari iliyotoka kambini ilikuwa hivi. Walikutana na wezi, Luteni akavuta bastola, ala ikagoma kuachia, akapigwa akaanguka majini. Naibu ndiye aliyemwopoa, akamvua mkanda na ala yake, akauweka juu ya injini ukauke.

Asubuhi yake askari wakaja kumchukua Papa Sifa. Wakamtia kasho, yaani mahabusu ya kambi. Eti ala ameifunga kwa dawa!

Wakuu, niliogopa mpaka maziwa yakakauka, na nilikuwa nanyonyesha. Watu walishaingia kasho ile na hatukuwaona tena.

Siku ya tatu, saa sita mchana, naibu akaja mwenyewe. Sasa yeye ndiye mkubwa, sote tunamwita Shefu. Akaweka ala mezani, bastola bado imo ndani. Askari wawili aliokuja nao walibaki barabarani, hawakutaka hata kuitazama.

"Mama, njo hii bwana yako alitengeneza?"

"Njo hii, Shefu." Kwetu "njo" ni "ndiyo".

"Toa ile kitu. Kisha rudisha ala vizuri, nitaivaa mimi, askari waone haiko dawa. Ukiweza, bwana yako atatoka."

Nikaielekeza mdomo kwenye gunia la mchanga. Nikalowesha ngozi kwa maji ya uvuguvugu, nikakata mshono uzi mmoja mmoja. Bastola ikatoka. Shefu akaichukua, akatoa risasi mwenyewe.

Ndipo nikaona ngozi.

Ubavuni kulikuwa na mashimo manne yamepangana, na la tano kwa nyuma. Vidole. Mtu aliibana ile ala ikiwa imelowa mvua, halafu joto la injini likaikausha na alama zake.

Nikasema moyoni, maskini Luteni, alivuta mpaka basi. Nikaweka mkono wangu kama mtu aliyevaa ala kiunoni. Vidole havikukaa. Nikageuza hivi, nikageuza vile. Vilikaa pale tu nilipopitisha mkono kutokea nyuma, kama nimesimama mgongoni mwa mtu, namzuia asitoe bastola yake.

Shefu akaniambia, "Leta nione." Akaipokea huku anaongea habari za mvua, macho yako nje kwa askari wake. Vidole vyake vikaingia kwenye yale mashimo, kimoja kimoja, bila kutafuta.

Jamani! Mchana kweupe, jua la Kalemie, na mwili wangu ukawa baridi.

"Mbona unatetemeka, mama?"

"Maji ni ya baridi, Shefu."

Akachovya kidole kwenye beseni. Bado yalikuwa na uvuguvugu. Kisha akafuta kidole kwenye suruali, akaiacha ala mezani, akaondoka.

Nilifanya kazi niliyotumwa. Nikaloweka, nikavisha kwenye mti, nikasugua kwa mfupa mpaka pakawa laini. Kesho yake alama zimerudi, zote tano. Nikasugua tena, zikarudi tena. Mara ya tatu nikapaka rangi nyeusi nzito, nikashona, nikaiacha mezani ikauke.

Ikiwa pale mezani, akaja mjane wa Luteni. Hakuketi.

"Bwana yako aliua bwana yangu."

Ala ilikuwa katikati yetu. Ningemshika mkono tu nimwoneshe. Nikatupa kitenge juu yake nikasema, "Pole, mama." Basi, pole tu. Mpaka leo naona aibu.

Shefu akaja kuichukua ala, akaivaa. Papa Sifa alitoka Jumamosi, amekonda, meno mawili hayapo. Hakutengeneza ala tena maisha yake yote.

Sikumwambia. Mume wangu mdomo wake haukuwa na mlango, angesema, na Shefu alikuwa bado mjini. Baadaye Shefu akahamishwa, Zaire yenyewe ikaisha, sisi tukahamia Kigoma. Kila mwaka nikasema nitamwambia.

Yeye alikuwa na swali moja tu: "Mama Sifa, nilikosea wapi?"

Nami namjibu, "Labda nta uliyopaka ilikuwa kidogo, maji yakapenya."

Mwaka jana amefariki. Wiki ya mwisho alimwita binti yetu Sifa, akamshika mkono, akamwambia, "Mwanangu, ukimfanyia mtu kazi usibanie nta. Mimi nilibania, muntu akafa."

Nilikuwa nimekaa palepale kitandani. Nikamfunika shuka vizuri.

Nilichojifunza ni kwamba ukimficha mtu ukweli ili umwokoe, jiwekee siku ya kumwambia. Mimi sikujiwekea.

Sasa wakuu, mjane wa Luteni yuko hai, bado anaishi Kalemie, na namba yake nimeipata kwa ndugu. Ana haki ya kujua, au namtonesha kidonda? Semeni ukweli, hata matusi nitayasoma.