Wikio la Kuze na Shahada ya Mambo Mawili

Nakumbuka alasiri moja mtaani Kuze, kofia ya uhandisi kichwani, na kiburi kilichoizidi kofia uzito. Nilikuwa nasomea shahada moja ya uzamili yenye fani mbili, uhandisi wa ujenzi na mipango miji. Mwanangu, wewe unayeniuliza kama uifuate njia hiyo, tulia. Mimi siku hizi naongea kama ninavyopanda ngazi, kwa vituo.

Shangazi yangu, Bi Zuhura, aliishi ghorofani. Nyumba ya pili, ng'ambo ya kichochoro, aliishi mdogo wake, Bi Mwanaisha, ambaye miguu ilishamkataa. Ghorofa zao ziliunganishwa na wikio, kile kidaraja cha juu kilichofunikwa, wanachopitia wanawake wa Mji wa Kale bila kushuka njiani. Kila alasiri shangazi alivuka kwenda kunywa kahawa na mdogo wake.

Sasa wikio lilikuwa na nyufa, na boriti zake zimeoza. Majirani walihofu litawaangukia wapita njia, wakaniomba nilikague. Nikagongagonga, nikapima, nikatoa hukumu: livunjwe.

"Ushamaliza, baba?" shangazi akauliza.

"Nimemaliza. Si salama, shangazi."

"Hilo nalijua, macho ninayo. Na Mwanaisha nitamwonaje?"

"Utashuka ngazi, uvuke njia, upande zake."

"Kwa magoti ya nani? Yako?"

Bi Mwanaisha akadakia kutoka dirishani kwake, "Mwache, dada! Huyo atatununulia ndege!"

Shangazi hakucheka. "Wasomea mambo mangapi huko chuoni?"

"Mawili."

"Mbona hapa umekuja na moja?"

Mwanangu, nikaivua ile kofia. Wenzangu walinitania kila siku kwamba mshika mbili moja humponyoka, nami nilishaamua ile ya mipango miji ndiyo iniponyoke. Niliiona porojo tu: kuuliza watu wapita wapi, wamwendea nani. Kumbe hilo ndilo swali nililoulizwa pale, nami sikuwa nimelifikiria.

Basi nikaanza upya. Wikio lingeweza kuegemezwa kwa nguzo za chuma kutoka chini, kisha boriti zibadilishwe moja baada ya nyingine. Hesabu hizo ziliisha upesi. Maneno ndiyo hayakuisha, kwa kuwa nguzo zingeziba kichochoro, na wazee walikipitia kwenda msikitini. Nikakaa nao barazani, nikasemwa, nikanyweshwa kahawa chungu, nikasemwa tena, mpaka wakaridhia kuzungukia njia ya nyuma kazi ikiendelea.

Siku ya kuvuka ilipofika, shangazi alisimama mlangoni, akanisukuma mgongoni. "Tangulia wewe. Likianguka, lianguke na aliyelitengeneza."

Nikavuka. Akanifuata taratibu, akanipita, akaenda kumkumbatia mdogo wake. Wakalia wote wawili. Kahawa yao nikaipika mimi.

Isome shahada hiyo, mwanangu, na uzisome fani zote mbili kwa moyo mmoja. Hesabu zako ziwe sahihi, maana jengo halimwonei mtu haya. Lakini kabla hujasema kitu kivunjwe, uliza nani hukipitia, na amwendea nani. Ukichoka na maneno ya watu, vumilia, ndiyo nusu ya kazi.

Mola akupe jicho la kuona ufa na sikio la kumsikia anayeishi juu yake, na kila utakachokijenga kiwafikishe watu kwa wapendwa wao. Amina.